Toyota 110 ya otomatiki: kabla ya kuilaumu giaboksi

Simama barabara ya Lamu, hapa Malindi, saa ya watu kwenda kazini, na utaziona bado zinapita: Corolla AE110, zile zilizotoka kiwandani Japani kati ya 1995 na 2000, pamoja na ndugu yake Carina AT212. Chini ya boneti mara nyingi ni kitu kimoja, injini ya 5A-FE ya sentimita za ujazo 1498 na valvu 16, na ubavuni mwake giaboksi ya otomatiki. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, kwa hiyo nyingine haziji. Zilizopo ndizo hizi tulizonazo, na kila moja imeshapita mikono ya mafundi wengi, wengine wazuri, wengine wa kukisia.

Malalamiko huja kwa sentensi ileile: "Fundi, giaboksi imekufa." Mara nyingi haijafa. Gari hili limeundwa kwa namna ambayo ugonjwa wa injini hujitokeza kama ugonjwa wa gia, na asiyejua mpangilio wake atanunua giaboksi ya eks-Japani (iliyokwisha kutumika Japani), aifunge, kisha akutane na tatizo lake la zamani likimngoja.

Mpangilio wenyewe ni huu. Injini imewekwa kwa upana wa gari, giaboksi imefungwa mwishoni mwake, difa (gia za mwisho zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili) imo ndani ya ganda la giaboksi, na nguvu zote zinakwenda magurudumu ya mbele. Kuna mambo matatu yanayozifunga injini na gia pamoja. La kwanza ni rejeta: oili ya gia inapita kwenye kipozeo kilichofichwa ndani ya tangi la chini la rejeta, kwa hiyo maji ya injini yakichemka na oili ya gia inachemka nayo. La pili ni kebo nyembamba inayotoka kwenye throto bodi (mlango wa hewa ya injini) na kuingia giaboksi. Ndiyo inayoiambia gia umekanyaga mafuta kiasi gani. La tatu ni umeme. Kwa modeli zenye gia ya kompyuta, sensa zinazoihudumia injini ndizo zinazotumika kuamua gia ibadilike lini. Ukiyashika hayo matatu, dalili nyingi zinajieleza zenyewe.

Gari halivuti

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, basi tuende polepole.

Kitu cha kwanza ni kutenganisha mawili: je, injini inazunguka lakini gari haliendi, au injini yenyewe haipandi? Tafuta sehemu tupu, kwa mfano barabara ya kwenda Gede asubuhi na mapema, uende kwa spidi ya wastani, halafu ukanyage mafuta. Tazama geji ya mizunguko. Kama mshale unaruka juu, injini inalia, na spidi inabaki palepale, gia inateleza. Kama mshale unapanda kwa uvivu na injini inaguna, gia haina kosa, injini ndiyo haina nguvu. Kama gari lako halina geji ya mizunguko, sikiliza kwa sikio. Tofauti ya sauti ni kubwa.

Gia ikiteleza, usifungue chochote kabla ya kupima oili. Na kupima kwenyewe kuna kanuni, ambayo watu wengi wanaikosea kwa sababu wameizoea oili ya injini. Gari lipate moto kwanza, liendeshwe dakika ishirini hivi. Liegeshe mahali palipo sawa, injini ikiwa inanguruma, mguu kwenye breki, upitishe mkono wa gia pole pole kutoka P mpaka L na kurudi P. Bila kuzima injini, chomoa kijiti, kifute kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kirudishe mpaka mwisho, kichomoe tena. Soma kwenye alama ya joto, si ya baridi. Ukipima injini ikiwa imezimwa, oili iliyokuwa kwenye konveta (kile chombo cha mviringo chenye oili kati ya injini na gia) huteremka chini na kijiti kitakudanganya kuwa imejaa. Tahadhari kwa mwenye Honda pia: yeye anapima injini ikiwa imezimwa, basi asifuate maneno ya jirani mwenye Toyota.

Sasa itazame ile oili. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe, si kwenye kidole, maana kidole cha fundi hakisemi ukweli kuhusu rangi. Nyekundu safi ni salama. Kahawia yenye harufu ya kawaida imezeeka. Nyeusi yenye harufu ya kuungua, na pembeni ya tone ukaona unga mweusi, hizo ni sahani za klachi zilizochomeka, na hapo sasa unaweza kusema giaboksi inaumwa kweli. Nyekundu iliyofifia ikawa ya waridi yenye povu ina habari yake mbaya zaidi, nitaifikia.

Oili ikiwa pungufu, tafuta inakopotea. Angalia sili za shafti mbili za mbele, gasketi ya sampu, na mabomba mawili yanayokwenda kwenye rejeta. Hapa pwani mabomba hayo huliwa na kutu kwenye vishikizo vyake, mahali ambapo chumvi na mchanga hukaa pamoja bila kukauka. Pitisha kidole nyuma ya kishikizo, usitosheke na kutazama mbele. Kisha kumbuka kwamba katika baadhi ya giaboksi za zamani za Toyota, difa ina oili yake pekee na plagi yake ya kumwagia. Ukimwaga moja ukaisahau nyingine, umefanya nusu ya kazi.

Oili ikiwa kamili na haina harufu ya kuungua, lakini gari linateleza hasa unapokanyaga sana, nenda moja kwa moja kwenye kebo. Sielewi kwa nini kebo hii inadharauliwa. Ndiyo inayopanga shinikizo la oili ndani ya gia kulingana na mguu wako, na hata giaboksi nyingi za kompyuta za wakati huo bado zinayo. Ikilegea, gia inadhani umekanyaga kidogo, inabana sahani zake kwa shinikizo dogo, nawe unadai nguvu kubwa. Sahani zinateleza, zinapata moto, zinaungua. Dalili yake ya mwanzo ni tamu mno: gia zinabadilika mapema na kwa ulaini, dereva anasifu gari limekuwa jepesi. Miezi michache baadaye halipandi tuta. Ikikazwa kupita kiasi huwa kinyume, gia zinachelewa kubadilika na kila moja inaingia kwa kishindo.

Kuipima hakuhitaji mashine. Injini imezimwa, mtu mmoja akanyage mafuta mpaka mwisho, wewe uwe kwenye throto bodi. Kwenye kebo kuna kituo kidogo cha chuma kilichobanwa juu ya waya, na mbele yake pua ya mpira ya ganda la kebo. Mafuta yakiwa yamekanyagwa mpaka mwisho, nafasi kati ya pua ya mpira na kile kituo iwe kati ya milimita 0 na 1. Ikizidi, legeza nati mbili, sogeza ganda, kaza. Hakikisha vilevile kwamba mafuta yakikanyagwa mpaka mwisho throto inafunguka yote. Kapeti lililorundikana chini ya pedali limeshawapotezea watu nguvu bila wao kujua. Mara nyingi mtu alifungua throto bodi kuisafisha, akairudisha kebo alivyoona inafaa.

Kuna jaribio la kushika breki zote mbili, kuweka D na kukanyaga mafuta mpaka mwisho ili kuona injini inafika wapi. Lifanywe na fundi anayejua, kusiwe na mtu mbele ya gari, na lisizidi sekunde tano, kwani nguvu zote za injini wakati huo zinageuka joto ndani ya konveta. Mizunguko ikipita kipimo cha gari, gia inateleza. Ikiwa chini ya kipimo, injini ni dhaifu au konveta ina kasoro.

Kama uligundua ni injini isiyopanda, orodha ni ya kawaida: plagi na nyaya zake, chujio la petroli, kichwa cha distribyuta, kipande cha mpira kinachokwenda kwenye sensa ya mvuto wa hewa. Usisahau visima vya plagi. Gasketi ya kifuniko cha valvu katika injini hizi hukakamaa kwa joto na oili ikashuka ndani ya visima. Ukichomoa waya wa plagi ukakuta ncha yake inang'aa oili, umepata sababu ya injini kumisi, yaani silinda kukosa kuwaka. Baada ya hapo pima shinikizo la silinda: kwa injini hizi afya njema ni karibu 190 psi, kikomo cha chini ni karibu 142, na silinda zisitofautiane zaidi ya 14 hivi. Ekzosi iliyoziba nayo husababisha gari kukosa pumzi kadiri unavyozidi kukanyaga; kama gari linaondoka vizuri kisha linakabwa, shuku katalisti (kisafisha moshi kilicho ndani ya ekzosi) kabla ya kushuku gia.

Na taiming belti iliyoruka jino moja. Katika 5A-FE mkanda unazungusha kamshafti moja tu, na hiyo inaizungusha ya pili kwa gia ndogo iliyo ndani ya hedi. Jino moja likiruka, kamshafti zote mbili zimechelewa pamoja, injini inawaka vizuri, haitikisiki, ila haina nguvu. Mwenye gari atakwambia gia haibadiliki. Ni kweli haibadiliki, maana spidi inayotakiwa haifikiwi.

Gia inachelewa kuingia asubuhi

Injini ikiwa imetulia, toa N uweke D, uhesabu mpaka uhisi gari linashika. Kwa Toyota kipimo ni chini ya sekunde 1.2. Kutoka N kwenda R ni chini ya 1.5. Pima gari likiwa na moto, kwa sababu oili baridi ni nzito na humsingizia kila mtu.

Ikichelewa D peke yake, klachi ya kwendea mbele imechoka. Ikichelewa R peke yake, tazama upande wa klachi na breki ya kurudi nyuma. Zote mbili zikichelewa, tatizo ni la pamoja: oili pungufu, chujio lililoziba, kebo, au shinikizo la pampu. Chujio liko juu ya sampu, na ndani ya sampu kuna sumaku ndogo. Unga laini wa kijivu kwenye sumaku ni uchakavu wa kawaida. Vipande vya chuma vinavyoshikika kwa kucha si vya kawaida.

Ukimwaga oili kwa plagi ya chini hutoka chini ya nusu, iliyobaki imo kwenye konveta. Kwa hiyo gari lenye oili ya kahawia hubadilishiwa oili kwa awamu, unamwaga na kujaza, unaendesha wiki mbili, unarudia. Kipimo cha kujaza ni kile kilichotoka, ukimwage kwenye jagi na ukipime. Aina ni Dexron II au III kwa 110. Mwenye NZE, Corolla iliyofuata baada ya 110, anatumia T-IV. Oili ya CVT isiguse giaboksi yoyote kati ya hizi, hata kama muuzaji wa spea anaapa kwamba "zote ni ATF, bosi", yaani oili ya gia ya otomatiki.

Ovadraivu haiingii

Ovadraivu ni gia ya juu kabisa, ya nne. Isipoingia, gari linafika kilomita 80 kwa saa, injini bado inalia, petroli inakwisha kabla hujafika Kilifi. Anza na kitufe kwenye mkono wa gia. Si mzaha: taa ya "O/D OFF" kwenye dashibodi ikiwaka bila kukatika, ovadraivu imezimwa kwa kitufe, na balbu hiyo ikiwa imekufa mtu anaweza kuendesha gia tatu miaka mizima. Jipime hivi: ukiwa 80, bonyeza kitufe. Mizunguko ikipanda, ovadraivu ilikuwa inafanya kazi. Isipobadilika, haikuwepo.

Taa hiyo ikiwa inapepesa yenyewe njiani, kompyuta ya gia inakuita. Kwenye kisanduku kidogo cheusi chini ya boneti, unganisha tundu la TE1 na la E1 kwa kipande cha waya, weka swichi ya gari ON bila kuwasha injini, ovadraivu ikiwa haijazimwa, uhesabu mipepeso. Makumi kwanza, kisha mamoja. 42 na 61 ni sensa za spidi. 62 na 63 ni solenoidi (vali za umeme) za kubadilisha gia, 64 ni ya kufunga konveta ili izunguke pamoja na injini bila kuteleza. Mara nyingi ni soketi iliyoota ukijani wa chumvi juu ya giaboksi. Isafishe na ifute msimbo kabla ya kununua solenoidi. Njia hiyohiyo ya TE1 na E1 hutoa misimbo ya injini kwenye taa ya injini, na mmoja wake unahusu gia moja kwa moja: 22, sensa ya joto la maji.

Hapa ndipo jambo la thamostati linapoingia, nami nitalisema kwa urefu kwa sababu limekita mizizi Malindi nzima.

Gari likichemka mara moja, fundi wa kwanza huchomoa thamostati. "Huku kwetu joto, ya nini?" Ni maneno niliyosikia kwa mafundi wenye heshima zao. Thamostati ya injini hizi huanza kufunguka kati ya digrii 80 na 84. Kabla ya hapo maji yanazunguka ndani ya injini tu ili ipate moto haraka, baada ya hapo yanapelekwa kwenye rejeta. Ukiichomoa, yanatokea mawili. Ukiwa kwenye barabara tupu ya kwenda Mambrui usiku, maji hayafiki joto lake, na kompyuta inadhani injini ni baridi: inaongeza petroli, na kwa gia ya kompyuta inazuia ovadraivu, na inazuia pia konveta isifungwe, mpaka maji yafike joto inalolitaka. Gia ni nzima, inazuiwa tu. Ukiwa kwenye foleni mchana, kinyume chake: njia ya mkato ya maji imebaki wazi, sehemu ya maji ya moto inarudi injini bila kupita kwenye rejeta, na gari linachemka zaidi kuliko lilivyokuwa na thamostati. Toyota wenyewe wanaonya katika vitabu vyao kwamba kuiondoa kunapunguza uwezo wa kupoza. Thamostati haina bei ya kumfilisi mtu. Irudishe, ile ya nyuzi joto sahihi, kile kivali kidogo kinacholegalega kikae upande wa juu.

Mwalimu mmoja mstaafu, mama wa makamo, alileta Carina yake kwa ovadraivu. "Mwanangu, wameniambia ninunue giaboksi. Mimi nataka gari la kunifikisha Mambrui na kunirudisha." Nikamwambia, "Mama, subiri kwanza." Mkono kwenye bomba la juu la rejeta baada ya mwendo mrefu: vuguvugu. Nyumba ya thamostati tupu, imepakwa silikoni. Basi hakuuza mbuzi yeyote kwa ajili ya giaboksi.

Gari linachemka

Hapa chumvi ndiyo adui. Upepo wa bahari unakula mapezi ya rejeta kutoka nje, na maji ya visima vyetu vya mwamba wa matumbawe yanaiziba kwa chokaa kutoka ndani. Pitisha kidole juu ya mapezi nyuma ya kondensa ya AC. Yakimomonyoka yakawa unga mweupe, hiyo rejeta inashikilia maji lakini haipozi kitu, na hata isipovuja imekwisha. Mpaka hapo oili ya gia nayo haipozwi, kwa hiyo mwenye gari analalamika kwamba gia inateleza "ikishapata moto, tukifika Matsangoni", na asubuhi iko sawa. Kuteleza kwa moto na kupona kwa baridi ni dalili ya kwenda kwenye rejeta kwanza.

Weka kulanti iliyochanganywa na maji safi ya kununua au yaliyochujwa. Kifuniko cha rejeta kiwe cha kipimo kilichoandikwa, kwa nyingi za hizi ni 0.9. Kifuniko cha mitumba kisichobana kinashusha kiwango cha kuchemka na hukioni.

Feni: katika nyingi za Toyota hizi swichi ya joto iliyo chini ya rejeta hufanya kazi kinyume na unavyotarajia. Chomoa waya wake huku swichi ya gari ikiwa ON, feni inatakiwa izunguke. Ikizunguka, mota na rilei ni nzima na swichi ndiyo mbovu. Isipozunguka, fuata fyuzi, rilei na mota. Na kama fundi wa umeme aliuunganisha waya huo na bodi ya gari ili "kuusaidia", feni haitazunguka maisha.

Maji yakipungua bila kuvuja, mapovu yakitoka kwenye rejeta injini ikikanyagwa, gasketi ya hedi imeungua. Hedi ni ya aluminiamu. Ipimwe kwa rula ya chuma kabla ya kufunga gasketi mpya, la sivyo utaifungua tena.

Kishindo gia inapoingia

Tazama kwanza mizunguko ya injini ikiwa imetulia. Kawaida ni karibu 700 hadi 800. Ikiwa 1200, kila D itakuwa kofi. Kisha mauntingi: mwenzako aweke D na R kwa zamu, breki imekanyagwa, wewe utazame injini ukiwa pembeni. Ikiruka, mpira umekatika. Joto la hapa na matuta ya barabara ya Mombasa huzimaliza. Kebo tumeshaieleza. Shafti za mbele zilizolegea nazo hutoa tiki ukikunja kona huku umekanyaga mafuta, na watu huichukulia kuwa gia.

Mizunguko inapanda na kushuka yenyewe

Kabla ya kusafisha chochote, jaza maji. Kivali kinachorekebisha hewa ya kutulia kinapitiwa na maji ya injini, na yakipungua kinapata hewa badala ya maji, hewa ya ziada inaingia, kompyuta inakata petroli, mizunguko inaanguka, inarudi, inaanguka. Maji yakiwa kamili, safisha kivali hicho na throto bodi, halafu tafuta mpira wa hewa uliopasuka. Gia ya gari la aina hiyo itaonekana haitulii, lakini haina hatia.

Injini imezima ghafla njiani

Umefika karibu na daraja la Sabaki, injini inakata, stata inazungusha injini kwa wepesi usio wa kawaida. Fungua kifuniko cha kuongezea oili, mwenzako apige stata, utazame ndani. Kamshafti isipozunguka, taiming belti imekatika. Bahati ya 5A-FE ni kwamba valvu hazigongani na pistoni belti ikikatika, basi ukifunga belti mpya kwa alama zake gari linaondoka. Usiitegemee bahati hiyo kwenye gari jingine. Belti ibadilishwe kila kilomita 100,000, pamoja na beringi yake ya kukaza na pampu ya maji, maana kazi ya kufungua ni moja.

Gari la otomatiki lisivutwe kwa kamba mpaka mjini magurudumu ya mbele yakiwa chini. Pampu ya oili ya gia inazungushwa na injini; injini ikiwa imezimwa, gia zinazunguka kavu. Liinuliwe mbele.

Mambo madogo yanayotisha watu

Mkono hautoki P: swichi ya taa za breki, au fyuzi yake. Gari linawaka kwenye N lakini haliwaki P: swichi ya gia imekaa vibaya, irekebishwe. Moshi wa buluu asubuhi ukaisha: sili za valvu. Moshi wa buluu ukikanyaga mafuta mlimani: ringi.

Oili ya waridi, na kubadilisha giaboksi

Kile kipozeo ndani ya rejeta kikitoboka, maji na oili ya gia vinabadilishana nafasi. Kijiti kinatoka na kitu cha waridi chenye povu, na juu ya maji ya rejeta unaona utando wa mafuta. Zima gari hapohapo ulipo. Gundi inayoshika sahani za klachi haivumilii maji, na kila kilomita unayoendelea inazibandua. Rejeta ibadilishwe kwanza, mabomba yasafishwe, oili imwagwe na kujazwa mpaka itoke nyekundu tupu. Ikiwahiwa mapema giaboksi huokoka.

Ikishindikana, na umeamua kununua ya eks-Japani, namba iliyochapwa kwenye kibati cha giaboksi ilingane na ya kwako, maana kuna ya kebo na ya kompyuta na zinafanana ganda. Nunua na konveta yake. Kipozeo na mabomba yasafishwe kabla, kwani uchafu wa giaboksi iliyokufa umelala humo ukingoja kuingia kwenye mpya. Konveta isukumwe na kuzungushwa mpaka ikae chini kabisa kwenye pampu. Ukiona giaboksi haisogei kukutana na injini, usiivute kwa bolti, konveta haijakaa, na ukilazimisha utavunja pampu. Mimina oili, washa, pitisha gia zote, ongeza, kisha rudia kipimo likiwa na moto.